Bakteria hana mikono, anashikaje? Maswali na majibu

Barua zimerundikana tena, na nusu yake ni swali moja lililobadilishiwa nguo: dawa gani inaua bakteria fulani? Hizo nimeziweka kando. Dawa huulizwa daktari aliyemwona mgonjwa, haiulizwi mwandishi wa safu. Nimechagua zile zinazouliza jambo linalotangulia, yaani mdudu amefikaje akakaa, maana asiyeshika husombwa, na aliyesombwa hana la kutufanya. Kazi hiyo ya kushika, mara nyingi, ni ya protini ziitwazo adhesini. Nimeshazieleza hapa mara nyingi, kwa hiyo leo sianzi na alifu.

Shikamoo mwalimu. Bakteria hana mikono wala makucha. Anawezaje kubaki kwenye kibofu wakati mkojo unapita kwa kasi mara kadhaa kwa siku? – Mwanafunzi wa uuguzi

Marahaba. Ningekuwa napata barua kama hii kila wiki nisingenung'unika hata kidogo.

Anayesababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo ni E. coli, na mwili wake umeota vinyweleo kwa mamia, kila kimoja kina urefu wa mikromita 1 au 2 hivi na unene wa nanomita 7 tu. Vitabu vya Kizungu huviita pili, neno ambalo kwetu lina kazi nyingine, kwa hiyo mimi nitasema vinyweleo. Shina la kinyweleo limefumwa kwa protini moja inayojirudia mara elfu na zaidi. Kwenye ncha kabisa ndipo anapokaa fundi mwenyewe, protini iitwayo FimH. Ina kijishimo kinachoipokea sukari ya manosi, na ukuta wa ndani wa kibofu umetandikwa protini zilizopambwa kwa manosi. Kijishimo kikiipata sukari, bakteria ametia nanga.

Sasa sehemu tamu. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba FimH hushika kwa nguvu zaidi inapovutwa. Mkondo ukiwa mpole, bakteria hubiringika, anashika hapa na kuachia pale. Mkondo ukizidi, anaganda. Protini hii ina sehemu mbili zilizoegemeana, na zikiwa hivyo kijishimo hubaki wazi kidogo. Kinyweleo kikivutwa sehemu hizo huachana, na kijishimo huibana sukari. Aliyewahi kutega ndege kwa tanzi anaijua habari hii: ndege anavyopapatika ndivyo kamba inavyokaza. Na shina lenyewe limejiviringa kama springi, likivutwa ghafla hujikunjua na kuumeza mshtuko.

Kwa hiyo kasi ya mkojo haimng'oi aliyekwisha kushika. Lakini usije ukawaambia wagonjwa kwamba maji hayana maana. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwafuatilia kwa mwaka mzima wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na wasio na desturi ya kunywa maji mengi. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2. Mkojo hauwabandui walioshika, unawasomba walio bado njiani. Tena ndani yake tumeweka mtego wetu: uromodulini, protini iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika mkojo wa mtu mwenye afya, imebeba manosi na inaelea. FimH huikamata ikidhani imefika ukutani, na bakteria hutolewa nje akiwa ameikumbatia.

Habari. Nimeona unga wa manosi unatangazwa kuwa unatibu UTI bila antibiotiki. Nitumie kiasi gani? – Asiyetaka jina

Hili ni la sita tangu mwaka uanze, na wote sita mnauliza kiasi. Hakuna anayeuliza kama unafanya kazi.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba manosi ikitiwa kwenye chombo humzuia E. coli kugandisha chembe nyekundu za damu: kijishimo kimeshajaa, hakina nafasi tena. Muuzaji anauchukua ukweli huo wa chombo cha kioo na kuuvusha hadi kibofuni kwako bila kulipa nauli. Mwaka 2024 Waingereza walichapisha jaribio lililofanywa ipasavyo. Wanawake 598 wenye historia ya kuugua tena na tena waligawanywa kwa kura. Kundi moja likapewa gramu 2 za manosi kila siku kwa miezi 6, jingine likapewa fruktosi, sukari ya kulinganishia tu. Waliorudi kutafuta huduma kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 51.0 kwenye manosi na asilimia 55.7 kwenye fruktosi, tofauti isiyotosha kusema kwamba unga umesaidia. Na hapo palikuwa ni kuzuia. Kumtibu aliyekwisha kuugua ni dai kubwa zaidi, na wanaolitoa ndio wenye mabango makubwa zaidi.

Kuna maabara zinazounda molekuli za kuziba kijishimo cha FimH kwa uthabiti kuliko manosi yenyewe. Hizo nazisubiri kwa hamu, kwa sababu dawa inayomfanya bakteria ateleze badala ya kumuua haimpi sababu kubwa ya kuwa sugu. Unga wa kopo siusubiri.

Na hili hukuliuliza. Ukipata homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu, huenda mdudu amepanda figoni. Huko E. coli hutumia vinyweleo vya aina nyingine, vyenye protini ya PapG kwenye ncha, na PapG haina habari na manosi; yenyewe hutafuta galaktosi mbili zilizoshikana. Hata ukila unga huo kwa ndoo hautaizuia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na vidonge vilivyobakizwa na jirani viache huko huko kwa jirani.

Je, adhesini ni aina ya gundi? – L.

Hapana. Gundi hushika chochote, adhesini huchagua.

Mimi ni mvuvi. Kome hushika mwamba, chuma, mbao, hata plastiki, tena chini ya maji. Gundi zangu zote zikilowa kabla ya kukauka ndiyo basi. Ana siri gani? – Mzee wa ngalawa

Shikamoo mzee. Huyo ana gundi kweli. Jibu langu la juu lilimhusu bakteria.

Kome hutoa mguu wake, huugusisha mwambani, na baada ya dakika chache huacha uzi wenye kitako chepesi kama povu lililoganda. Katika protini za kitako hicho kuna asidi amino (tofali la kujengea protini) isiyo ya kawaida, dopa, na habari hiyo tunaijua tangu 1981 kwa kazi ya Herbert Waite. Katika protini mojawapo inayogusana na mwamba wenyewe, zaidi ya robo ya asidi amino zote ni dopa.

Shida ya kubandika chini ya maji haiko kwenye udhaifu wa gundi. Mwamba umeshavaa maji na chumvi kabla gundi haijafika, na gundi yako ya kopo inajikuta imeyashika maji. Dopa ina vikundi viwili vya haidroksili vinavyokamata madini moja kwa moja. Kando yake mara nyingi hukaa lisini, asidi amino nyingine yenye chaji chanya, nayo huzisukuma ioni za chumvi zipishe. Yaani kome hufagia kwanza, ndipo atandike. Kuna na jingine: dopa ikikutana na oksijeni hugeuka na kupoteza ule mshiko wa madini. Kwa hiyo chini ya mguu kome huweka asidi, na huongeza protini nyingine yenye salfa ambayo kazi yake ni kuirudisha dopa katika hali yake. Gundi ina mlinzi.

Magazeti hupenda kuandika kwamba kwa ajili ya kome madaktari wataacha kushona majeraha. Wengi wanaomwiga wameichukua dopa wakamwacha mlinzi, halafu wanashangaa gundi inageuka kahawia na kuachia. Ningekuwa mimi, ningeanza na huyo mlinzi.

Na mjusi kafiri anayetembea darini? – Darasa la sita

Hana gundi hata tone, mwanangu. Nyayo zake zina vinywele vidogo mno vilivyopasukapasuka ncha, na ule mvuto dhaifu ulio kati ya molekuli zozote zilizokaribiana sana, ukijumlishwa kwa ncha zote hizo, unatosha kumbeba. Mwache mkia wake.

Naomba orodha ya sabuni zinazoua asilimia 99.9 ya bakteria. – Mama wa watoto watatu

Mama, orodha hiyo sina na siitaki. Mkononi hatuna haja bakteria afe. Tuna haja aondoke. Sabuni ya kawaida hulegeza mshiko, kusugua humng'oa, maji humchukua, na akienda akiwa hai huko bombani hatuna ugomvi naye. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani na kemikali nyingine 18, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinaishinda sabuni na maji, wala kwamba ni salama zikitumiwa kila siku kwa miaka.

Halafu jiulize, asilimia 99.9 ya akina nani? Mara nyingi ni wale waliokuwa wakielea kwenye chupa ya majaribio. Bakteria walioshika mahali na kujifunika utando wao wa pamoja huweza kustahimili dawa mara 100 hadi 1,000 ya kiasi kinachowaua wenzao wanaoelea. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo hakikupimwa kwao.

Baba yangu amewekewa mpira wa mkojo. Tumeambiwa kuna mipira iliyopakwa madini ya fedha, bakteria hawaishiki. Tuitafute? – Binti yake

Pole kwa kuuguza, binti.

Anayekuuzia anadhani bakteria anaushika mpira. Haushiki. Kitu chochote kigeni kikiingia mwilini hufunikwa na protini za mwili ndani ya dakika chache, na kibofu kilichokwaruzwa na mpira humwaga fibrinojeni, ile protini ya kugandisha damu, nayo hujilaza juu ya mpira. Enterococcus faecalis, mmoja wa wasumbufu wakubwa wa mipira hii, ana kinyweleo chenye protini ya EbpA inayoikamata fibrinojeni. Kwa hiyo zulia tumelitandika wenyewe, na madini ya fedha yamebaki chini yake. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2012, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi, halikupata kwamba mipira ya fedha inapunguza maambukizi yenye dalili kwa kiasi cha maana.

Kinachosaidia hakiuzwi. Kila asubuhi muulize muuguzi, kwa adabu lakini bila kuona haya: mpira huu bado unahitajika? Mipira mingi hubaki kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, na kiungio kisifunguliwefunguliwe. Ila msiuvute wenyewe; ndani kuna puto dogo lililojazwa maji, na ukiuvuta likiwa limejaa utamchana baba.

Kusukutua kwa dawa ya kinywa kunatosha badala ya mswaki? – Mwenye haraka

Hakutoshi.

Nikiongeza neno ni kwa ajili ya wengine. Jino lililosafishwa sasa hivi hufunikwa na utando wa mate ndani ya dakika chache, na adhesini za bakteria wa kwanza hushika utando huo, si jino. Hao wa kwanza huwa viti vya wa pili. Fusobacterium nucleatum ni mrefu kama sindano na ana adhesini za kushika bakteria wa aina nyingi, akawa daraja la kuwavusha waliochelewa. Streptococcus mutans naye hushika mara mbili: kwa protini, kisha kwa nyuzi za kunata anazozitengeneza kutokana na sukari ya kawaida. Mji wa namna hiyo haubomoki kwa kumwagiwa maji yenye rangi ya buluu. Unabomolewa kwa brashi na uzi. Na ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, hata mswaki umechelewa. Huyo ni wa daktari wa meno.

Kundi langu la damu ni O. Nimesikia bakteria wa vidonda vya tumbo wanatupenda sisi. Nile nini? – O wa mashaka

Hakuna chakula kinachobadilisha kundi la damu. Hilo limekwisha.

Uvumi huu una mzizi. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba Helicobacter pylori hushika sukari iitwayo Lewis b kwenye ukuta wa tumbo, na adhesini yake, BabA, ikatambuliwa miaka michache baadaye. Ukiwa wa kundi A, sukari hiyo huongezewa tawi, na baadhi ya bakteria tawi hilo huwazuia. Lakini wengi wanashika zote mbili bila kubagua, kwa hiyo usilifanye kundi lako ramli. Ukiwa na dalili, kapime pumzi au choo, matokeo ndiyo yatakayokuambia.

La kushangaza kuhusu BabA ni jingine. Seli za ukuta wa tumbo humenyuka na kuanguka kila mara, na bakteria aliyezing'ang'ania angeanguka nazo kwenye asidi. Haanguki nazo. BabA hulegea asidi inapozidi, bakteria anajitoa, anaogelea kurudi ukutani ambako asidi ni kidogo, na huko BabA hushika upya. Kushika kila mtu anakustaajabia. Mimi nastaajabia kuachia kwa wakati.

Ina maana bakteria aliyeshika huweza kuondoka mwenyewe?

Ndiyo. Pseudomonas fluorescens akikosa fosfati humruhusu mkasi wake wa ndani, LapG, kuikata adhesini yake kubwa ya LapA, akaenda zake. Ukiona ameng'oka hivyo usishangilie, anahama.

Kama kila ugonjwa huanza na kushika, kwa nini wasitengeneze chanjo dhidi ya adhesini tu, tukamaliza kazi? – Mhandisi mstaafu

Si kila ugonjwa, mhandisi, lakini wazo lako wameshalijaribu, na matokeo ni ya kila rangi.

Palipofanikiwa mapema ni zizini. Kuna E. coli mwenye kinyweleo kiitwacho K88, huua watoto wa nguruwe kwa kuhara. Mama yao akichanjwa kwa kinyweleo hicho, maziwa yake ya mwanzo hubeba kingamwili zinazokifunika, na bakteria hupita utumboni asipate pa kushika. Mwaka 1975 ilionekana pia kwamba watoto wengine wa nguruwe hurithi utumbo usio na kipokezi cha K88, yaani pale kinaposhika, na hao hawaugui hata wasipochanjwa. Ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kushika ndiyo kila kitu kwa mdudu yule, sijauona.

Kifaduro kinakwenda nusu kwa nusu. Chanjo zake za kisasa zina adhesini ndani: hemaglutinini ya nyuzi, pertaktini, na nyingine vinyweleo pia. Zimeokoa watoto wengi. Lakini katika nchi kadhaa zinazozitumia wameenea bakteria wasio na pertaktini kabisa. Tulimtambua kwa shati, naye akalivua. Asije mtu akaisoma sentensi hiyo akaacha kumpeleka mtoto kliniki. Chanjo ina vipande vingine, bado inazuia ugonjwa mkali, na kifaduro hakina huruma na mtoto mchanga asiyechanjwa.

Kisonono ndicho kilichotushinda. Chanjo ya vinyweleo vyake ilijaribiwa kwa askari wa Marekani waliojitolea huko Korea, na matokeo yaliyochapishwa 1991 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Bakteria huyo ana nakala za akiba za jeni ya kinyweleo, kimya zisizotumika, na kila mara hukata kipande cha akiba na kukishona kwenye jeni inayofanya kazi. Kingamwili zinafika mlangoni, mwenye nyumba ameshabadilisha sura.

Vimelea vya malaria vimeliendeleza jambo hilo hadi kiwango cha juu zaidi. Plasmodium falciparum huifanya chembe nyekundu aliyoiingia ishike kuta za mishipa ili isipite kwenye bandama ikachujwa. Protini ya kushikia, PfEMP1, ina jeni 60 hivi, na kimelea hutumia moja kwa wakati, akibadilisha. Hapo mtu angekata tamaa, isipokuwa kuna pahali pamoja ambapo hana uhuru wa kuchagua. Kwenye kondo la nyuma anategemea protini iitwayo VAR2CSA, inayoshika sukari ndefu ya kondroitini. Mwanamke wa mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi yake hata kama amekulia penye malaria, ndiyo maana mimba za mwanzo zina hatari zaidi. Za baadaye kingamwili zimeshajengeka. Chanjo za VAR2CSA zimeanza kujaribiwa kwa binadamu. Kwa lugha ya kazi yako ya zamani: usifukuze sehemu inayoweza kubadilishwa, tafuta ile ambayo ikibadilishwa mashine nzima inasimama. Tumepoteza miaka mingi tukichagua adhesini kwa sababu ni rahisi kuisafisha maabara, na hilo nalisema hata kwa marafiki zangu wanaoifanya kazi hiyo.

Seli zetu haziwezi tu kuondoa vipokezi, bakteria akose pa kushika? – Mdadisi

Kuna E. coli wa kuharisha watoto wachanga ambaye hilo halimtishi. Ilijulikana 1997 kwamba kipokezi anakuja nacho mwenyewe. Ana bomba jembamba kama sindano analoligusisha kwenye seli ya utumbo, anapitishia protini yake iitwayo Tir, na Tir inajichomeka kwenye ngozi ya seli kana kwamba ni ya mwenyeji. Kisha adhesini yake, intimini, inaishika Tir. Mgeni amekuja na kiti chake, amekiweka sebuleni, amekikalia. Seli, kwa kudanganyika, inamjengea jukwaa la aktini, protini ya nguzo za seli, chini yake.

Kuna adhesini inayoshika barafu?

Ipo. Marinomonas primoryensis wa Antaktika ana protini yenye urefu wa nanomita 600 hivi, ncha moja imejikita kwenye bakteria, karibu na ncha ya pili kuna sehemu inayoshika barafu. Kwa kuishika barafu hukaa juu, karibu na mwanga, ambako mwani hutoa oksijeni.

Mwalimu, jaribio la kugandisha hamira limenikatalia mara tatu. E. coli wangu hawaigandishi. Nimetumia bakteria wapya kabisa kutoka kwenye sahani ya agari. – Mwaka wa pili, maabara

Umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Kwa wasomaji wengine: hamira imevaa manosi, na FimH ikiishika, hamira huganda madonge. Jeni za vinyweleo vyenye FimH zimetanguliwa na kipande cha DNA cha herufi 314 ambacho bakteria anaweza kukigeuza kichwa chini miguu juu. Kikielekea upande mmoja vinyweleo huota, kikigeuka havioti. Kwenye agari wengi huwa wamezima, kwenye supu ya kuoteshea bakteria, ikiwa imetulia, wengi huwasha. Otesha kwenye supu, nyuzi 37, chupa isitikiswe, saa 24 hadi 48. Chukua tone, tia kwenye supu mpya, rudia. Mimi nikiwa kijana nilipoteza wiki tatu kwa sababu mwenzangu alikuwa akiipandisha chupa yangu kwenye mashine ya kutikisia kila jioni, kwa wema wake.

Hamira ioshe kwa maji ya chumvi mara mbili, changanya tone lake na tone la bakteria juu ya kipande cha kioo, tikisa taratibu, na madonge yaonekane kwa macho ndani ya dakika chache. Kwenye kioo cha pili ongeza manosi, na hapo pasigande kitu. Bila hicho cha pili hujaonyesha chochote kuhusu FimH, hata madonge yawe makubwa kama mtama. Na weka cha tatu chenye hamira peke yake: ikiganda hapo, tatizo si la bakteria, tafuta hamira nyingine.